Mahindi ya Nyumbani

Gunia la Mama Zuhura lilifika Lumino kabla ya jeneza. Lililetwa na kijana wa boda, limefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki, naye akalitua mbele ya jiko la msiba na kusema limetoka Tororo, mwenyewe yuko nyuma kwenye taksi. Mwili wa shangazi yangu Taaka ulikuwa bado njiani. Wanawake wa jikoni, ambao tangu asubuhi walikuwa wakipokea kila debe la mahindi na kila mkungu wa ndizi kwa mikono miwili, waliuliza ni Zuhura yupi. Walipojibiwa, wakarudisha mikono. Mama Auma, aliyekuwa jirani yetu kule Busia zamani na sasa ni bibi wa kutembelea fimbo, alisema bila kuinuka kwenye kigoda chake, "Hiyo weka huko." Huko kulikuwa kando ya ua, mbali na chakula kingine, karibu na mahali pa kuogea. Wengi wa wanawake wale hawakuwa wamezaliwa mwaka kisa chake kilipotokea. Jina la Zuhura walilirithi tu, kama watu wanavyorithi ugomvi wa mpaka wa shamba, na mrithi wa ugomvi huwa mkali kuliko mwenyewe. Gunia likakaa peke yake juani. Kuku wawili walikwenda kuparua chini yake, na hakuna aliyewafukuza.

Lazima niseme kwamba gunia lile nililiita mimi, ingawa si kwa kukusudia. Nafanya kazi redioni, Busia. Kila asubuhi nasoma matangazo ya vifo, kisha bei za nafaka, kwa mpangilio huo huo, kwa sababu mwenye redio anasema watu wakishajua nani amekufa wanataka kujua watapika nini. Nilisoma kifo cha shangazi yangu mwenyewe bila sauti kutetemeka, nikavuta pumzi, nikaendelea na mahindi, wimbi na mtama. Zuhura alinisikia akiwa Tororo. Na hilo neno nafaka, ambalo nalitamka kila siku ya Mungu, ni yeye aliyenipa. Kwetu kila punje ina jina lake. Wimbi sisi Wasamia tunaliita obule, majirani zetu wa Tororo wanaliita kal, na mtu akiwa na njaa hahitaji jina moja la kuzikusanya zote. Neno hilo nililipata katika chumba cha nyuma cha nyumba ya shangazi, mwaka ambao ningependa kuusahau.

Ilikuwa mtaa wa Sofia, upande wetu wa Uganda, mwendo mfupi tu kutoka mpakani. Nilikuwa nimemaliza shule na sina la kufanya, na Senge, ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu, alikuwa anahitaji mikono. Mbele ya nyumba kulikuwa na stoo ya mahindi, giza hata mchana, magunia yamepangwa hadi kwenye mabati. Katikati kulikuwa na ua wa saruji iliyopasuka, na juu yake turubai kubwa la bluu ambalo nililichukia kuliko kitu chochote duniani. Nyuma kulikuwa na jiko, vyumba vyetu, na chumba kimoja cha kupangisha. Mume wa Senge alikuwa dereva wa malori ya mbali, mtu wa kuonekana Krismasi. Tulioishi pale ni Senge, mimi, na binti yake Nekesa, mtoto wa kuanza shule, mwenye maswali mengi kuliko meno. Mchana tulikula pamoja na Obbo, mpakizi wetu kutoka Kisoko, mtu mkubwa mpole ambaye alibeba gunia kama wengine wanavyobeba mtoto mchanga. Tulikula posho, ndiyo ugali wa kwetu, na maharage, leo posho na maharage, kesho maharage na posho, kama alivyosema Obbo, na Senge alicheka kila mara kana kwamba ndiyo anausikia utani huo kwa mara ya kwanza. Sikumwona akicheka hivyo tena baadaye.

Mahindi yalikuja kwa lori kutoka Nagongera na Kisoko, na kazi yangu ilikuwa kuyachambua. Nilikaa kwenye turubai, ungo mapajani, nikayagawa. Yaliyo meupe, mazima, makavu, yalikwenda kwenye magunia ya kuvuka mpaka. Yaliyovunjika yalikwenda kwa kuku na bata. Yaliyobadilika rangi, yenye madoa, yenye vumbi la kijani kwenye kitovu cha punje, yaliwekwa kwenye beseni la tatu, na beseni hilo liliitwa la nyumbani. Tuliyaosha kwa maji na majivu, tukayaanika juu ya mabati, tukayapeleka kwenye mashine, tukala. Sisemi hivi ili kumwaibisha marehemu. Nyumba nyingi za biashara ile zilikuwa na beseni la tatu. Mwuza nafaka aliyekula mahindi yake ya daraja la kwanza alionekana mpumbavu au mwenye majivuno, na Senge alikuwa na msemo wake: kizuri kina miguu, kinavuka, kibaya kina mizizi, kinabaki. Miaka ya kawaida haikuwa na neno, uchungu kidogo tu kwenye ulimi. Lakini mwaka ule mvua ilinyesha wakati wa mavuno na haikutaka kukoma. Lori lilikuja magunia yakiwa yameloa chini. Ukitia mkono katikati ya gunia ulisikia joto, kama tumbo la mtu mwenye homa. Nilipomwambia Senge, alitia mkono wake pia, akautoa, akaunusa, akaupangusa kwenye gauni. Kisha akasema nichambue vizuri zaidi. Beseni la nyumbani likawa linajaa kabla ya lile la kuuza.

Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa kijana wa Bumala, upande wa Kenya, mwenye tabia ya kutafuna punje moja kutoka kila gunia na kuitema. Siku moja alichota kiganja kutoka kwenye beseni la tatu kwa bahati mbaya, akaangalia, akakirudisha haraka.

"Mathe, na hii?"

"Hiyo hapana yako," Senge akasema. "Hiyo iko ya nyumbani."

"Ya kuku?"

"Nimesema ya nyumbani."

Kijana aliniangalia mimi, akamwangalia Nekesa aliyekuwa amekaa kwenye gunia akichezea sindano ya kushonea magunia. Akasema, "Sawa, mathe," na akaenda kunawa mikono kwenye bomba. Alinawa kwa muda mrefu. Nakumbuka mgongo wake umeinama pale bombani, na maji yakikimbia kwenye ufa wa saruji hadi miguuni pangu.

Mbwa ndiye aliyetangulia. Aliitwa Askari, alilala mlangoni mwa stoo na alikula mabaki ya posho yetu. Aliacha kula, akajificha nyuma ya choo, na Obbo alipomfunua midomo, ufizi wake ulikuwa wa njano. Siku iliyofuata alikuwa amekauka. Mtaa mzima ulijua maana yake: mbwa wa stoo akifa ghafla, wezi wamemtilia sumu, wanakuja. Senge akabadilisha kufuli. Kisha wakafa bata, mmoja baada ya mwingine, shingo zimepinda nyuma kama wanaoangalia kitu mbinguni. Mama Auma alichungulia juu ya ukuta akasema wezi hawana haja na bata. "Mama Nekesa," alisema, "kuna mtu anafunga hii nyumba kwa dawa." Alisema kwa sauti ya kuhurumia, na macho yake yalikuwa kwenye mlango wa chumba cha nyuma.

Katika chumba hicho alipanga Zuhura. Hakuwa na mtoto, lakini tulimwita Mama Zuhura kwa heshima. Alikuwa amezaliwa upande wa Mbale, akaolewa Mumias, akaachwa, akaja mpakani kukaanga mandazi na kuyauza stendi. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, na mtaani waliona anaringa nacho. Chumba chake kilikuwa na pazia la maua, sigiri, mkeka, na gunia la wimbi alilokwenda kulinunua mwenyewe kijijini na kulihifadhi juu ya matofali ili lisiguse sakafu. Hakula chakula chetu hata siku moja. Wiki aliyohamia, Senge alimpelekea sahani iliyofunikwa, naye akairudisha kama ilivyo, kwa mikono miwili. "Si dharau, Mama Nekesa," alisema. "Sufuria yenu inapika nguruwe. Mimi ni Muislamu." Ilikuwa kweli, Jumapili tulipika nguruwe. Senge akasema haidhuru. Lakini kwetu mtu anayekataa sahani amesema neno kubwa. Anayekuogopa hali kwako, na anayekuogopa lazima anajua kitu, au anakipanga. Tangu siku hiyo Zuhura alikuwa anahesabiwa kila tonge ambalo hakulila.

Nekesa hakuwa na habari na mambo hayo. Yeye alipenda uji wa wimbi wa Zuhura, na kila alipopata nafasi alipenya chini ya pazia. Mimi pia niliingia alasiri, mikono ikiniuma kwa kuchambua. Alasiri moja Zuhura aliniuliza kama najua jina la hicho kinachoniumiza mikono. Nikasema mahindi.

"Mahindi, wimbi, mtama, mpunga, vyote hivyo ni nafaka," alisema. "Na unajua nafaka ni nini?"

"Si ndiyo hizo punje?"

Akacheka. "Nenda kamuulize yule mume aliyeniacha." Kisha akanieleza, huku anakoroga uji. Alisema neno lenyewe ni la Waarabu, likapokelewa pwani, likapanda bara na misafara na biashara. Huko lilikotoka halina punje hata moja ndani yake. Ni kile ambacho mwenye nyumba lazima awape walio chini yake: chakula, nguo, mahali pa kulala. Si zawadi wala hisani, ni haki yao, na asipotoa anashitakiwa. Yeye alisimama mbele ya kadhi Mumias kudai nafaka yake, na mume akaleta maneno magunia mawili. "Waswahili wakaona kinachoshikilia nyumba ni chakula, na chakula ni punje, basi punje zikachukua jina," alisema. Alimjazia Nekesa kikombe. "Kwa hiyo wewe Nabwire huchambui mahindi. Unachambua haki za watu." Nilimwambia haki za watu zinanipa malengelenge. Tulicheka sote watatu, Nekesa zaidi kuliko sisi, bila kujua anacheka nini. Nilitoka pale nikarudi kwenye turubai, na beseni la tatu lilikuwa linanisubiri.

Sikumbuki siku ya kwanza ya ugonjwa wa Nekesa, kwa sababu alikuwa mtoto na watoto hutapika. Nakumbuka tumbo lake. Lilianza kuvimba huku mikono ikikonda, na asubuhi moja nilipokuwa namnawisha uso kwenye jua niliona weupe wa macho yake umekuwa wa njano, njano ile ile ya ufizi wa Askari. Niliogopa hadi nikadondosha kata ya maji. Zahanati walimpa dawa za malaria, kisha dawa za minyoo, kisha wakasema apelekwe hospitali Tororo. Senge akasema tusubiri lori la mwisho liondoke. Wakati huo huo Obbo alianza kulalamika ubavu, akasema anakwenda Kisoko kupumzika kidogo. Aliaga kwa utani kwamba anaenda kutafuta posho bila maharage. Jioni yangu na ya Senge nayo ilikuwa ya kichefuchefu, lakini sisi tulikuwa wakubwa na tuliyalaumu mafuta mabaya. Jambo moja nililiona wazi: siku ambazo Nekesa alishinda kwa Zuhura na kunywa uji tu, alilala vizuri. Siku ambazo Senge alimzuia, akala posho yetu, alirudi kujikunja kama funza.

Nilisema. Sikunong'ona wala sikuzunguka. Senge alikuwa anaosha vyombo, nikamwambia, "Senge, ni haya mahindi. Mbwa alikula, bata walikula, sisi tunakula. Zuhura hali, na yeye haugui."

Aliacha kuosha. "Umesikia unasema nini? Yeye haugui."

"Kwa sababu hali."

"Kwa sababu yeye ndiye anapika ile anakunywa mtoto wangu." Aliweka sufuria chini polepole, akasogea karibu nami, akashusha sauti. "Na hii maneno ya mahindi usirudie. Wakenya wako na masikio. Ikifika Bumala kwamba mahindi ya Taaka inaua, mimi na wewe tutakula nini?"

Nikamwambia kwamba hilo ndilo ninalouliza, tunakula nini. Alinipiga kofi. Lilikuwa la kwanza na la mwisho maishani mwetu, na papo hapo akaokota sufuria, akaendelea kuosha. Upande wa pili wa ukuta, sauti ya Mama Auma na wenzake ilikatika, kisha ikaendelea chini chini. Nilisikia neno moja tu, ambalo mtaani lilimaanisha sumu, likirudiwa kila mara, kwa Kisamia na kwa Kiswahili: alimlisha, alimlisha, alimlisha.

Tororo tulikwenda na Nekesa amefungwa mgongoni kwangu, mzito kwa maji ya tumboni. Kutoka wodini uliona ule mwamba mkubwa juu ya mji, na Nekesa aliuliza nani aliuweka pale na kama unaweza kuanguka. Daktari alikuwa mtu wa makamo mwenye sauti ya uchovu. Aliuliza mtoto anakula nini. Senge akasema, "Chakula ya kawaida tu, daktari." Mimi nikasema, "Mahindi yenye ukungu. Sisi sote." Daktari aliacha alichokuwa anafanya, akanigeukia. Akauliza kuhusu rangi, kuhusu harufu, kuhusu wanyama. Kisha akamwambia Senge, taratibu, akimwangalia usoni, kwamba ini la mtoto limeharibika sana, kwamba mambo kadhaa yanaweza kufanya hivyo, lakini mahindi ya namna hiyo ni mojawapo, na hata akipona yasiingie tena kwenye mdomo wa mtu yeyote nyumbani. "Umenielewa, mama?" Senge akasema, "Ndiyo, daktari." Alikunja mikono tumboni na kutazama dirishani. Nilikuwepo. Nilisikia akisema ndiyo.

Nekesa alifariki wodini humo, adhuhuri, wakati wagonjwa wengine wanagawiwa uji.

Tulimzika hapa hapa Lumino, kisha tukarudi Busia, na waombolezaji wa mtaani wakaja kukaa nasi uani. Habari ya Obbo ilifika siku hiyo: naye amezikwa Kisoko. Hapo ndipo mambo yalipoiva. Watu wawili kutoka sufuria moja, na mpangaji asiyegusa sufuria hiyo yuko mzima, anakaanga mandazi. Ukiliangalia jambo hilo kwa macho ya mtaa, lilikuwa limejithibitisha lenyewe. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa majirani waliolia nasi kwa dhati, na machozi yalikuwa bado kwenye mashavu yao walipovuta lile pazia la maua. Walitoa mkeka, sigiri, nguo, na mwisho gunia la wimbi, watu wanne wakiliburuta kama mtuhumiwa. Mwenyekiti wa mtaa alisimama getini akirudiarudia kwamba asipigwe mtu, na kwa kweli hakupigwa mtu. Mama Auma ndiye aliyeleta mafuta ya taa.

Nilipiga kelele hadi koo likawaka. Nilisema ni mahindi, nilisema daktari amesema, nilisema muulizeni Senge alikuwepo. Mtu akanishika mabega akasema, "Pole, mtoto. Hata huyu naye dawa imemwingia." Zuhura alikuwa amesimama karibu na turubai, mfuko mmoja mkononi. Hakuwatazama watu. Alimtazama Senge, aliyekaa chini kwenye mlango wa stoo, kitambaa cha msiba kichwani.

"Mama Nekesa," alisema. "Sema."

Senge aliangalia mikono yake. Aliigeuza, akaangalia viganja, akaigeuza tena. Nimeshakuwa mama mwenyewe, na naelewa kilichomfunga mdomo: angefungua, angekuwa yeye aliyemwua mwanawe. Naelewa vizuri sana. Siku ile nilimchukia, na kuna asubuhi ambazo bado namchukia.

Gunia likawashwa. Wimbi haliwaki kwa haraka. Lilianza kwa moshi, kisha punje zikapasuka ndani kwa ndani, na harufu ikaenea uani, harufu nzuri ya nafaka iliyokaangwa, ile ya uji wa asubuhi. Niliona watu wakimeza mate. Walikuwa na njaa, tulikuwa tumetoka kuzika. Zuhura aliondoka kwa baiskeli ya boda kuelekea barabara ya Tororo, amekaa upande, mgongo wima. Na gunia lilipobaki majivu, wanawake waliridhika, wakanawa, wakaingia jikoni kwetu na kuwapakulia waombolezaji posho. Ilikuwa posho ya beseni la tatu. Hapakuwa na unga mwingine ndani ya nyumba. Nilizunguka kutoka mtu hadi mtu nikiwaomba wasile, na walinihurumia, na walikula. Mlo mmoja haukumwua yeyote, na hilo nalo likawa ushahidi dhidi ya Zuhura. Asubuhi yake kuku wa jirani walikuja wakadonoa wimbi lililopasuka kwenye majivu, na hawakupatwa na lolote. Nilimwita Senge aje kuona. Alikuja, akaona, akarudi ndani. Wiki haikuisha kabla hajaagiza beseni la tatu limwagwe chooni, lote, na tangu hapo nyumba yetu ilikula mahindi meupe. Hakusema kwa nini. Sikuuliza, maana tayari nilijua kwamba anajua, na muda mfupi baadaye niliondoka.

Zuhura aliteremka kwenye taksi getini pa msiba wa Senge muda mfupi kabla ya saa saba. Amekuwa mnene, amevaa baibui, anatembea kwa kuegemea upande mmoja. Nilimpokea, nikampa kiti kando yangu, na watu wakaacha nafasi kutuzunguka. Aliliona gunia lake kule karibu na mahali pa kuogea. Hakuonyesha kushangaa.

"Mama Nekesa alikuja kwangu," alisema. "Ulijua?"

Sikujua.

"Tororo. Miaka mingi imepita. Aligonga, akaingia, akafunga mlango mwenyewe. Akasema ana njaa. Nikampikia posho na samaki. Alikula sahani yote, Nabwire, akalamba vidole. Akanawa, akaenda."

"Alisema nini?"

"Alisema asante kwa chakula."

Kwetu kula kwa mtu ni kumtakasa. Kila mtu anajua hilo. Senge alijua vizuri, ndiyo maana alisafiri. Lakini hasira ilinipanda hadi masikio yakaziba. "Alikula mlango umefungwa," nikasema. "Gunia lako walilichoma jua linawaka, mtaa mzima unaona."

"Ndiyo," Zuhura alisema. "Ndiyo maana leo nimeleta hili mchana."

Nikainuka. Niliburuta gunia kutoka uani hadi jikoni, peke yangu, na hakuna aliyenisaidia. Nilikata uzi. Lilikuwa wimbi, jekundu, kavu, limepetwa hadi linang'aa, na juu yake kumewekwa mfuko wa unga uliokwisha sagwa. Nilipika uji wanawake wakinitazama. Ulipoiva nikasema, kwa ile sauti ninayotumia asubuhi, kwamba Nekesa na Obbo waliuawa na mahindi ya nyumba yetu, kwamba daktari alituambia, kwamba marehemu anayeletwa alisikia kwa masikio yake, na kwamba mwanamke huyu hakumlisha mtoto yule chochote isipokuwa haki yake. Nilikunywa kikombe kimoja hadi chini. Kisha nikajaza kingine, nikakipeleka kwa Mama Auma kwa mikono miwili.

Alikipokea. Aliuangalia uji, akaniangalia mimi, akaangalia kule barabarani ambako vumbi lilikuwa limeanza kuonekana. Ule mkono uliobeba mafuta ya taa umekuwa mwembamba, una mishipa. Nilidhani anakunywa. Badala yake alimnyooshea Zuhura kikombe.

"Wewe kunywa kwanza," alisema.

Zuhura akakichukua, akanywa, akafuta ukingo kwa leso yake, akakirudisha. Gari la jeneza lilipopiga honi getini, Mama Auma alikuwa bado amekishika kwa mikono miwili, anamtazama Zuhura usoni, anasubiri kama ataanguka, na uji ulikuwa umeanza kushika ngozi juu.